Mizani ya Jikoni na Krenki ya Bwana Pardoe

Kibao cha namba ndicho kilichotangulia kuanguka. Kilidondoka mbele ya duka la mikate, kikazunguka barabarani kama sahani, na Bwana Neville Pardoe, mwenyekiti wa Klabu ya Pikipiki za Zamani ya Netherton, akaendelea na safari bila habari. Hakuwa na nafasi ya kutazama nyuma. Alikuwa ameikamata pikipiki yake kwa mikono miwili kama mtu anayevutana na mbuzi mkaidi, mashavu yanamcheza, miwani inamteremka puani. Taa ya mbele, ambayo asubuhi ile ilikuwa ikitazama barabara, sasa ilikuwa inatazama mbinguni.

Noreen Tromans aliyaona yote akiwa amesimama kando ya barabara na mumewe, Desmond. Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu ya Mei, watu wamejaa pande zote mbili, watoto wamebebwa mabegani, na msafara wa pikipiki thelathini na mbili ulikuwa ukipita kwa maringo. Ya kwanza ndiyo ya Pardoe, ya mwaka 1951, silinda moja, rangi ya damu ya mzee. Injini yake ilikuwa imefumuliwa na kuundwa upya majira ya baridi yale. Aliyeisawazisha krenki yake ni Desmond.

"Mbona inatetemeka hivyo?" Noreen aliuliza.

Desmond alivuta shingo mbele. Alikuwa ameacha mdomo wazi.

Penye taa za barabarani, msafara uliposimama, Hilda Pardoe, aliyekuwa amepakiwa nyuma ya mumewe, alishuka. Alivua kofia yake ngumu, akaiweka kwapani, akashika njia kwa miguu kuelekea ukumbini. Alifika kabla ya mumewe.

Ukumbini kulikuwa na chai na mikate iliyotiwa nyama. Bwana Pardoe alipewa kikombe, na kikombe kikaanza kugonga kisahani chake, ka-ka-ka-ka, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haijaamini kwamba safari imekwisha. Chai ilimwagika kwenye suruali. Ukumbi mzima ukanyamaza kukisikiliza kile kikombe.

"Neville," alisema Trevor Hingley, katibu wa klabu, mtu ambaye ulimi haukumlalia kinywani hata siku moja, "ulipanda pikipiki, au ulipanda mashine ya kukorogea zege?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nani alikusawazishia hiyo krenki?" Trevor aliuliza, ingawa alijua, na kila mtu alijua, na wote wakageuza macho taratibu hadi kwenye meza ya dirishani.

Desmond Tromans aliurudisha mkate wake kwenye sahani. Tangu Februari hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Noreen kumwona anaacha chakula bila kunyang'anywa.

*

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya injini ya silinda moja, pistoni hupanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika, na kila ikipanda inataka kuibeba pikipiki nzima. Krenki ndiyo inayogeuza kule kupanda na kushuka kuwa kuzunguka, na kwenye magurudumu yake mazito huachwa uzito upande wa pili, ili uvutane na pistoni. Uzito ukipungua, pikipiki inaruka juu na chini. Ukizidi, inatikisika mbele na nyuma mpaka meno yagongane. Fundi anapima pistoni, anapiga hesabu, ananing'iniza kwenye krenki kidude cha shaba chenye uzito aliouhesabu, kisha anailaza krenki juu ya reli mbili za chuma zilizochongwa makali. Upande mzito unazunguka wenyewe kwenda chini. Anatoboa hapo kidogo, anairudisha relini, anatazama. Anatoboa tena.

Desmond alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Watu walimletea krenki kutoka Walsall, kutoka Stoke, mmoja alikuja nayo kutoka Ireland akiwa ameifunga kwenye blanketi la mtoto.

"Niliipima mara tatu," alisema jioni ile, akiwa amekaa mezani na kofia kichwani. "Mara tatu, Noreen."

"Labda ile mizani ya umeme aliyokununulia binti yako Lorraine ina kasoro."

"Ile imekufa. Betri imevujia ndani. Nilitumia ya mama."

Noreen alikuwa anaosha sufuria. Aliendelea kuiosha mahali palepale.

"Ya mama ipi?"

"Ya mama ipi tena! Hii ya jikoni. Wewe ulikuwa kwa dada yako kule Rhyl. Nikasema kama kuna kitu hakijamdanganya mtu nyumba hii ni mizani ya mama." Akaikodolea macho pale ilipokaa rafuni, na sahani zake mbili za shaba na mawe yake ya chuma ya kupimia yamepangwa kama familia, kubwa hadi dogo. "Unajua cha ajabu? Nilipoishika ile pistoni na pini yake mkononi, nilijiambia: hii ni wakia kumi na nusu. Nikaiweka kwenye mizani, ikasema kumi na nne. Kumi na nne! Zamani mkono wangu ulikuwa haukosei hata nusu wakia." Akaugeuza mkono, akautazama kiganja kwa masikitiko, kama anamtazama mfanyakazi mzuri aliyefikia umri wa kustaafishwa. "Basi. Umekwisha."

Noreen aliiweka sufuria chini kwa sababu alihisi itamponyoka.

Jambo lilikuwa hivi. Januari Desmond aliishika meza kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono mwingine, akapelekwa hospitali, na daktari akamwambia jibini wakia mbili kwa siku basi, nyama ya nguruwe wakia nne kwa juma, na soseji azisahau. Desmond alikubali kwa sharti moja: atapima mwenyewe. Yeye ni mtu wa vipimo. Kama ni wakia mbili ni wakia mbili, hakuna mtu wa kumkatia kwa macho. Na alipima kweli, akilisogeza jibini kwenye sahani, chembe kwa chembe, mpaka mizani ilale sawa, kisha akiongeza chembe moja "ya kufidia hewa." Lakini soseji hakuzisahau. Kila siku alizipima na kutangaza kwamba wakia nane tu hazijaua mtu.

Kwa hiyo Jumatano moja ya Februari, Desmond akiwa klabuni, Noreen aliyabeba mawe matatu, la wakia mbili, la nne na la nane, akaenda nayo kibandani. Akabandua kitambaa cha kijani kilichogandishwa chini yake. Akalibana kila jiwe kwenye jiliwa, akawasha mashine ya kutobolea, akalitoboa kutokea chini mpaka likapungua robo. Mashimo akayaziba kwa nta ya mshumaa, kitambaa akakigandisha tena. Tangu siku hiyo Desmond alikula robo tatu ya kila alichodhani anakula. Mkanda wake ulirudi nyuma matundu mawili. Daktari alimpongeza.

Na sasa, Noreen akiwa amesimama mbele ya sinki, alihesabu kichwani. Mbili na nne na nane, kumi na nne. Ondoa robo. Kumi na nusu.

Mkono wa Desmond haukukosea kitu.

*

Angesema papo hapo, na mambo yangekwisha. Lakini alimtazama akiwa amekaa pale, shati limempwaya tumboni kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, akafikiri: nikimwambia, jina lake litapona na moyo wake utakufa. Kesho yake atapima kwa mawe mapya, na ataongeza na fidia ya miezi mitatu. Akanyamaza.

Siku ya Jumanne akanyamaza pia. Jumatano Desmond hakwenda klabuni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azikwe mama yake. Alhamisi likaja jarida la klabu, ambalo Trevor Hingley huliandika na kulichapisha mwenyewe. Ukurasa wa mwisho una orodha ya mafundi wanaopendekezwa na klabu: wa kabureta, wa viti, wa kupaka rangi. Mstari wa "Kusawazisha krenki" ulikuwapo. Mbele yake palikuwa pameandikwa: "Tunatafuta."

Desmond aliusoma mstari ule, akalikunja jarida mara nne, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

"Pima tena," Noreen alimwambia. "Mwambie Neville akurudishie krenki, uipime tena."

"Neville anaipeleka Coventry. Wana kompyuta."

"Kompyuta inajua nini?"

"Haizeeki," alisema Desmond. Akaenda kwenye simu, akampigia Gurdev Bassi wa Smethwick.

Gurdev alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa miaka arobaini hivi, na kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa akimsihi Desmond amuuzie zile reli za makali. Kila mara Desmond alimjibu kwamba zitatoka kibandani siku ambayo yeye mwenyewe atatolewa kwa miguu mbele, ndani ya jeneza. Sasa Noreen alimsikia akisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza makaa: "Jumamosi. Njoo na gari kubwa. Beba vyote."

Ijumaa Noreen alifanya mazoezi ya kuungama. Alifunga mlango wa bafuni, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Des, kuna kitu nataka kukuambia kuhusu mizani." Ikasikika kama ana ugonjwa. Akajaribu, "Des, utacheka sana ukisikia." Akajiona mwongo hata usoni. Mara ya tatu alianza vizuri, lakini Desmond akabisha mlango.

"Unaongea na nani humo?"

"Naimba."

"Siujui huo wimbo," alisema Desmond, akaondoka.

*

Jumamosi Gurdev alifika saa nne na gari la mizigo, amevaa kilemba cha buluu na ovaroli safi, na uso wa mtu aliyekuja kuhani msiba. Hakuwa na furaha ya mnunuzi hata kidogo.

"Mjomba, una hakika?"

"Nina hakika."

"Shangazi, ana hakika?"

Noreen alisema atawaletea chai.

Wakaanza kutoa vitu. Reli za makali zilitoka zimefungwa kwenye taulo. Vidude vya shaba vya kuning'iniza vikatoka ndani ya boksi lao, kila kimoja kimegongwa namba ya uzito wake. Desmond alikuwa anavitaja kimoja kimoja na historia yake, na sauti yake ilizidi kuwa nyembamba. Walipomaliza, aliingia jikoni kwa mwendo wa haraka, akatoka na mizani ya mama yake na mawe yote.

"Na hii uchukue. Bure."

"Mjomba, hii ni ya jikoni!"

"Chukua. Sina tena cha kupima."

Gurdev aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Kisha, kama fundi yeyote anavyofanya, akachukua jiwe la wakia nane akalirusharusha kidogo kiganjani. Akaacha. Akachukua la wakia nne mkono wa pili. Akafumba macho. Noreen, aliyekuwa anatoka na sinia la chai, alisimama kizingitini.

Gurdev akaligeuza jiwe chini juu. Akakwangua ukingo wa kitambaa kwa ukucha wa kidole gumba, akanusa ukucha.

"Mjomba," alisema polepole, "babu yangu alikuwa na duka la nafaka kule India, Jalandhar. Siku moja wakaja wakaguzi, wakayageuza mawe yake. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyolia. Mawe yalikuwa kama haya."

"Kama haya vipi?"

"Yametobolewa yakazibwa na nta."

Desmond alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Gurdev hakucheka.

"Mimi nimekuheshimu sana, Mjomba. Ninawaambia vijana wangu wote, fanyeni kama mzee wa Netherton. Sasa niambie tu ukweli, sitamwambia mtu. Ulikuwa unampunja nani?"

"Mimi?" Uso wa Desmond uligeuka rangi ya pikipiki ya Pardoe. "Nampunja? Mimi, kijana? Mimi ninayerudisha chenji iliyozidi! Uliza mtaa huu mzima! Hayo mawe ya mama yangu, mama yangu alikuwa—"

"Nimeyatoboa mimi," alisema Noreen.

Wote wawili wakamgeukia. Vikombe kwenye sinia vilikuwa vinagongana, ka-ka-ka-ka.

"Nimeyatoboa mimi, Februari. Kwa ajili ya jibini."

Desmond aliyatazama mawe, akamtazama mkewe, akatazama tumbo lake mwenyewe.

"Jibini yote?"

"Yote."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Zile soseji za siku yangu ya kuzaliwa?"

"Des, ulikula wakia sita. Daktari alisema sifuri."

Gurdev alilirudisha jiwe kwenye mizani taratibu sana, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama katikati ya chumba cha kulala cha watu.

Noreen alikuwa anangoja hasira. Alikuwa amejiandaa kuipokea. Alikuwa hata ameliweka sinia chini ili mikono iwe huru. Lakini Desmond hakumtazama. Alikuwa ameunyanyua mkono wake wa kulia mbele ya macho, anaugeuza huku na huku.

"Kumi na nusu," alinong'ona. Kisha akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Kumi na nusu! Nilisema! Nilisema kumi na nusu! Gurdev! Shika hii pistoni, haya shika, nipe nyingine, nipe yoyote! Hii wakia tisa na robo! Ipime! Ipime na mizani yako!"

Gurdev alikuwa na mizani ndogo ya umeme garini. Wakapima. Tisa na robo.

Walipima kila kitu kilichoshikika: spana, kopo la grisi, kiatu cha Noreen, funguo za gari. Baada ya nusu saa Gurdev alianza kurudisha vitu kibandani bila kuambiwa. Alipomaliza aliufunga mlango wa gari tupu, akamkumbatia Desmond.

"Mjomba, nitarudi siku ukitolewa kwa miguu mbele."

"Utangoja sana."

"Ndiyo, kwa chakula hicho unachopewa," alisema Gurdev, akamwinamia Noreen kwa heshima kubwa kupita aliyoingia nayo, akaondoka.

*

Hasira ilikuja baada ya chakula cha mchana, ambacho Desmond alikitazama kwa muda mrefu bila kukila.

"Ungeniambia tu nile kidogo."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ukanijibu nini?"

Desmond alichezea uma. "Kwamba mizani ndiyo itakayoamua."

"Basi iliamua."

"Umenifanya kichekesho, Noreen. Mbele ya klabu nzima. Ukakaa siku tano unanitazama ninavyokufa polepole, na wewe unaosha sufuria."

Machozi yalimjaa Noreen, akayaacha. "Januari nilikutazama unavyokufa haraka," alisema. "Nilikuwa nimekushika mkono kwenye lile gari la wagonjwa, ukiwa wa kijivu kama uji. Nikaona bora uniite mwongo ukiwa hai. Kuhusu krenki sikujua. Wallahi sikujua kama umeichukua mizani. Nilipojua, niliogopa. Hilo ni kosa langu, na nitalilipa mwenyewe."

"Utalilipa vipi?"

"Jumatano nitakwenda klabuni."

"Huendi popote. Wakisikia natobolewa mawe kwa sababu ya jibini, nitakuwa kichekesho mara mbili."

"Utachekwa mlafi. Sasa hivi unachekwa fundi mbovu. Chagua."

Desmond alichagua. Alichukua uma, akala, na hakuongeza kitu.

*

Klabuni wanawake huja Jumatano ya sikukuu ya Krismasi tu, kwa hiyo Noreen alipoingia na mizani kifuani kama amebeba mtoto, mazungumzo yalikatika. Hilda Pardoe pekee ndiye aliyekuwapo kati ya wake, naye alikuja kuhakikisha mumewe anapigia Coventry simu.

Noreen aliiweka mizani mezani mbele ya Trevor Hingley.

"Krenki ya Neville niliiharibu mimi," alisema. Akaeleza yote, jibini na mashine ya kutobolea na safari ya Rhyl. Akambandulia Trevor kitambaa, akamtolea nta kwa pini ya nywele, akamwonyesha shimo. Jiwe likapita mkono kwa mkono ukumbini, na kila fundi aliyelishika alichungulia ndani, akaguna.

"Limetobolewa katikati kabisa," mmoja alisema.

"Na limeachwa ukuta sawa pande zote," mwingine akasema.

"Kwa hiyo Des alipima vizuri," alisema Bwana Pardoe, "ila alipimiwa vibaya."

"Mkono wake ulijua," alisema Noreen. "Akaiamini mizani ya mama yake kuliko mkono wake. Na mimi ndiye niliyemfanya aiamini. Nakuomba radhi, Neville. Na wewe, Hilda, kwa kutembea."

Trevor alisafisha koo apate kusema jambo la kuchekesha. Akafungua mdomo, akamtazama Noreen, na kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu akaufunga bila kulitumia.

Noreen alipotoka nje kuvuta pumzi, Hilda Pardoe alimfuata. Alitazama nyuma, akamsogelea sikioni.

"Ulitoboa kwa keekee ya ukubwa gani?"

"Ya nusu inchi. Kwa nini?"

"Neville na siagi," alisema Hilda. "Hebu nieleze polepole."

*

Krenki ilirudi Ijumaa ndani ya ndoo. Desmond aliilaza kwenye reli, akaning'iniza kidude cha shaba cha uzito wa haki, na wote wawili wakaitazama. Ilijizungusha taratibu, upande wake mzito ukashuka chini, ikatulia hapo kwa ukaidi.

"Hapo ndipo imezidi," alisema Desmond. Akaweka alama kwa chaki. Kisha, badala ya kuichukua keekee, akampa mkewe.

"Mimi?"

"Niliyaona yale mashimo yako. Ni mazuri kuliko yangu. Nani alikufundisha?"

"Miaka thelathini na minane nimekuletea chai humu ndani. Ulidhani nilikuwa natazama chai?"

Alitoboa. Chuma kilijikunja kama ganda la tufaha, kikaanguka sakafuni kikiwa cha moto. Wakairudisha relini, ikashuka, lakini kwa uvivu. Akatoboa tena, kidogo. "Usiwe na pupa," Desmond alisema, naye akamjibu kwamba neno hilo linachekesha likitoka kwake. Mara ya tano waliirudisha, Desmond akaigeuza robo mzunguko, akaiachia. Ikabaki. Akaigeuza nusu. Ikabaki. Popote alipoiacha ilikaa, nzito na kimya, kama ng'ombe aliyeshiba.

Ilichukua wiki mbili kuirudisha injini yote mahali pake. Jumapili ya tatu, asubuhi, Bwana Pardoe alikuja kuijaribu. Alivaa glavu mbili kila mkono. Alikubali kwenda hadi kwenye duka la samaki na kurudi, si zaidi, na alimwomba Noreen awe karibu na simu.

Akaondoka. Mlio ukapungua, ukapotea kona.

Duka la samaki ni mwendo wa dakika tatu. Zikapita kumi. Zikapita thelathini. Desmond alikuwa amesimama getini na spana mkononi.

"Imemtupa," alisema.

"Haijamtupa."

"Imemtupa, yuko kwenye mfereji, na miwani yake iko Dudley."

"Ningepigiwa simu."

"Atapiga vipi akiwa mfereji—"

Simu ikalia. Noreen alikwenda mbio. Alikuwa Hilda, anauliza kama mumewe bado yuko kwao maana chakula kinapoa. Noreen alimwambia yuko njiani, akarudi getini akiwa ameshika shavu. Saa ikapita. Desmond alikaa juu ya ukuta mfupi wa bustani, na Noreen akakaa karibu yake, bega kwa bega, wakitazama barabara tupu. Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Ilipokaribia saa saba ndipo walipousikia mlio, mbali, mzito na wa taratibu, kila pigo limejitenga na jingine. Pikipiki ikaikata kona. Bwana Pardoe alikuwa ameketi wima kama bwana harusi, glavu hazimo mikononi, kibao cha namba kimetulia nyuma yake. Akasimama mbele ya geti, akazima injini, akabaki pale juu ya kiti.

"Ulikuwa wapi, Neville?" alisema Noreen. "Tumekufa kwa hofu!"

"Bridgnorth."

"Bridgnorth! Mbali kote huko! Si ulisema duka la samaki?"

"Nilifika," alisema Bwana Pardoe. "Nikalipita. Samahani. Nilisahau kurudi."

Desmond aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya ukuta. Hapakuwa na kitu. Spana alikuwa nayo mkononi. Noreen aliona mabega yake yanavyopanda na kushuka kwa kilio, akasogea akasimama kati yake na mgeni, sketi yake ikamkinga.

"Haya, hebu tuambie habari za Bridgnorth," alimwambia Bwana Pardoe. "Na usiwe na haraka. Mto umejaa? Maua yameshachanua? Anza mwanzo kabisa."